Chenye umeme hakina mwenyewe

Jamani, hivi Kampala hii mtu mzima haruhusiwi kuwa na kitu chake? Nilitaka pawasaplai ya mezani tu, yaani kisanduku cha kugeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo, ya kujaribia viredio vyangu jioni nikitoka kazini. Bei ya dukani ukiisikia unashika mfuko kwanza kuhakikisha hujaibiwa. Na huku kompyuta za zamani zimerundikwa Kisenyi pamoja na masufuria yaliyotoboka! Ndani ya kila moja kuna pawasaplai yake, kisanduku cha feni kinachotoa volti 12, volti 5 na volti 3.3, ampea mpaka uzichoke. Nikanunua kimoja.

Ukikichomeka ukutani hakisemi kitu. Muuzaji akaapa kizima, mke wangu akaapa nimeuziwa chuma. Dawa yake ni ndogo: kwenye ile plagi pana ya pini 24 kuna waya wa kijani mmoja tu, unaushikanisha na mweusi wowote. Nikaweka swichi hapo katikati, feni ikanguruma. Basi, kosa ni la hiyo feni. Kuta za vyumba vyetu hivi vya kupanga, jirani akipiga chafya unamjibu ukiwa kitandani.

Wa kwanza kufika alikuwa Hajati mwenye nyumba, maana mita ya tokeni ni moja na wapangaji tunachanga. Akaikuta rezista yangu, kile kidude cha kuzuia umeme, ina moto. Visanduku vya zamani vingine havitulii bila mzigo, volti zinacheza, kwa hiyo nimefunga rezista ya omu 10, ya wati 10, kati ya waya mwekundu, ule wa volti 5, na mweusi ili kiwe na cha kusukuma. Hajati akasogeza kidole, akakirudisha haraka. "Fundi, yaani umeme wangu unauchoma bure?" Nikamwambia, Hajati, hiyo inakula wati mbili na nusu, ingehitaji saa 400 kumaliza uniti moja. Akasema yeye hakusoma hesabu ila moto anaujua.

Mtoto wa dada yangu naye kaja na kisu cha jikoni, afungue aone umeme unakaa wapi. Unakaa kwenye kapasita nene, mwanangu, volti zaidi ya 300, na ukichomoa plagi hauondoki papo hapo! Mimi mwenyewe sijafungua. Waya zote ninazozitaka zimeshatoka nje, ndani nikatafute nini?

Lakini aliyenichosha ni yule wa bodaboda, chumba cha mwisho. Kaingia na betri kwapani, hodi kaipigia ndani.

"Kaka, hicho si kinatoa 12?"

"Kinatoa, waya wa njano."

"Na hii si ya 12?"

Sasa unaanzia wapi? Betri ya 12 ili ijae inataka volti 14 na ushee. Ikiwa imejaa, hata ikipumzika, inasimama karibu 12.7. Ukiipa 12 kavu inakutazama tu kama mkwe aliyepewa chai bila sukari, na ikiwa na nguvu kukuzidi inakurudishia wewe. Nikaeleza mpaka mate yakanikauka. Akaibeba betri yake, akatangaza uani kwamba jirani nimekuwa na roho mbaya tangu ninunue mashine.

Kusafisha jina nikafunga soketi moja ya kuchajia simu kwenye volti 5. Moja! Kesho yake Mama Zaki kaja na kigawanyio, na sasa meza yangu ina simu hata za watu wa mtaa wa pili ambao sijui wanaitwa nani. Waya nyekundu zimekwisha. Waya wa njano una taa za uani, Hajati kasema maadamu umeme ni wake na taa ziwe zake. Waya wa zambarau, ule unaotoa volti 5 hata swichi ikiwa imezimwa, mke wangu kaugundua mwenyewe, anachajia usiku.

Umebaki wa bluu. Huo ni hasi 12, na ampea zake ni za kuhesabia kidole. Mama Zaki akauliza huo nao unatoa nini. Nikamwambia unatoa hasi.

"Hasi? Aa, basi Fundi, huo kaa nao."