Denmark, Kroatia na hoja ya utamaduni: wajukuu wanasemaje?

Kuna hoja inayopendwa na wanaopinga kodi kubwa na huduma za bure za nchi za Skandinavia. Inasema kwamba Wamarekani wenye asili ya Denmark wanaishi vizuri kuliko Wadenmark waliobaki kwao, kwa hiyo siri ya Denmark haiko kwenye serikali yake. Iko kwa watu wenyewe, kwenye nidhamu, uaminifu na bidii waliyovuka nayo bahari. Mwandishi Nima Sanandaji, aliyekulia Sweden, ndiye aliyeipa hoja hiyo namba: kwa makadirio yake, hali ya maisha ya Wamarekani wenye asili ya Denmark iko juu ya ile ya Wadenmark wa Denmark kwa asilimia 55.

Sina ugomvi na namba hiyo. Nina ugomvi na jinsi inavyosimamishwa peke yake. Ukiipima hoja ya utamaduni kwa Wadenmark tu, haiwezi kushindwa, maana watu hawa wametoka nchi ambayo leo ni tajiri, wakaingia nchi nyingine tajiri, wakatajirika. Hapo utamaduni, serikali na bahati vyote vinaelekea upande mmoja na huwezi kujua kipi kimefanya kazi. Ili kuvitenganisha unahitaji kundi la pili, lililovuka bahari ile ile kwenda nchi ile ile, ila likitokea mahali ambapo leo si pa kutamaniwa kiuchumi. Wakroatia wanafaa sana kwa kazi hiyo, na kwenye mjadala huu ni nadra kuwasikia wakitajwa.

Pato la Denmark kwa kila mtu leo ni takriban mara tatu ya la Kroatia. Ukirekebisha hesabu kwa bei za vitu madukani pengo linapungua, lakini bado ni kubwa. Kroatia iliingia Umoja wa Ulaya Julai 2013, na kati ya sensa ya 2011 na ile ya 2021 watu wake walishuka kutoka karibu milioni 4.3 hadi chini ya milioni 3.9, vijana wengi wakiwa wamekwenda kutafuta maisha Ujerumani na Ireland. Sasa tazama upande wa pili wa Atlantiki. Katika takwimu za Ofisi ya Sensa ya Marekani, kaya za wanaojitaja kuwa wa asili ya Kroatia zina kipato kilicho juu ya wastani wa taifa, na kipato hicho kinakaribiana mno na kile cha kaya za asili ya Denmark.

Ile mara tatu imepotelea wapi?

Swali hili halijaniachia tangu nilipoanza kuzilinganisha jumuiya hizi. Kama utajiri wa Denmark ulikuwa ndani ya Wadenmark, basi umaskini wa Kroatia nao ulipaswa kuwa ndani ya Wakroatia, na wajukuu wao wangekuwa nao hadi leo huko Pittsburgh na Chicago. Hawanao. Huwezi kuupa utamaduni sifa pale matokeo yanapokupendeza, kisha ukanyamaza pale jedwali lile lile linapoonyesha watu wa utamaduni mwingine wamefika palepale.

Tena hawakuanzia mstari mmoja. Denmark ilikuwa na sheria ya kumsomesha kila mtoto tangu 1814, na shule ya kwanza ya watu wazima ya vijijini, iliyotokana na mawazo ya mchungaji Grundtvig, ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Mdenmark aliyepanda meli miaka ya 1870 na 1880 kwa kawaida alijua kusoma na kuandika. Alifika wakati sheria ya 1862 ikimpa mhamiaji ekari 160 za ardhi akiishi juu yake na kuilima kwa miaka mitano. Iowa, Nebraska na Minnesota zilikuwa wazi kwake, kwa kuwa wenyeji wa ardhi hiyo walikuwa wamefukuzwa. Wadenmark waliojiunga na dhehebu la Wamormoni walikwenda Utah. Kazi ilikuwa ngumu, na ukame wa Nebraska uliwarudisha wengi nyuma, lakini mtu aliyefanikiwa alikuwa na cha kumrithisha mwanawe.

Wakroatia walikuja kwa wingi kati ya 1900 na 1914, ardhi nzuri ikiwa imekwisha gawiwa. Wengi wa wale wa Dalmatia, yaani pwani ya Kroatia, walikuwa wakimbizi wa mizabibu iliyokufa: mkataba wa biashara wa 1892 kati ya Italia na Austria-Hungaria, dola iliyowatawala wakati huo, ulifungulia mlango mvinyo wa bei chee wa Kiitaliano, na mdudu wa filoksera akamaliza mashamba yaliyobaki. Wengi hawakujua kusoma. Kazi waliyoikuta ilikuwa ya tanuri za chuma za Pennsylvania, migodi ya shaba ya Michigan na ya chuma ya Minnesota. Katika viwanda vya chuma zamu ya saa 12 iliendelea hadi 1923. Kwenye nyumba za kupanga, kitanda kimoja kililaliwa na mtu wa zamu ya usiku mara tu wa mchana alipoondoka.

Mwaka 1894 unaonyesha tofauti yao vizuri. Mwaka huo kanisa la Kilutheri la Wadenmark wa Marekani lilipasuka, wafuasi wa Grundtvig upande huu na watu wa uamsho upande ule. Ni mgogoro wa watu waliokwisha kupata mashamba na wanaojenga vyuo. Mwezi Septemba mwaka huo huo, huko Allegheny, ambayo sasa ni sehemu ya Pittsburgh, Wakroatia waliunda umoja wao wa kwanza mkubwa. Kwetu tungeuita chama cha kufa na kuzikana: wanachama wanachanga, na mgodi ukimmeza mtu, mjane anapata chochote na maiti inapata jeneza. Umoja huo upo hadi leo.

Huko Millvale, juu kidogo ya mto Allegheny, kuna kanisa la Mtakatifu Nicholas ambalo kuta zake zilichorwa na Maxo Vanka mwaka 1937 na 1941. Ukutani wanawake wa Kikroatia wamejifunika vitambaa, wanamlilia kijana aliyekufa kazini. Mahali pengine tajiri ameketi mezani peke yake, chakula mbele yake, anasoma taarifa za soko la hisa. Paroko aliruhusu michoro hiyo iwekwe mahali waumini wanaposali kila Jumapili, kwa sababu ilikuwa habari yao. Ungewapima Wakroatia miaka hiyo kwa mishahara, shule za watoto na aina ya nyumba, ungeandika kwamba watu hawa hawatafika popote.

Na watu waliandika hivyo hasa. Tume ya Dillingham, ya bunge la Marekani kuhusu uhamiaji, iliyofanya kazi kati ya 1907 na 1911 na kutoa juzuu 41, iliwagawa wahamiaji kuwa wa zamani na wapya. Wadenmark waliwekwa kwenye wa zamani wanaofaa, Wakroatia kwenye wapya wa kutiliwa shaka. Mwaka 1924 fikra hiyo ikawa sheria: Denmark, yenye watu zaidi kidogo ya milioni 3, ilipewa nafasi 2,789 kwa mwaka, na Yugoslavia nzima, ambayo Kroatia ilikuwa sehemu yake, yenye watu wapatao milioni 12, ikapewa 671. Hesabu ilifanywa kwa kutumia sensa ya 1890, mwaka ambao Wakroatia walikuwa hawajaanza kuja kwa wingi. Kaka aliyetangulia hakuweza kumleta mdogo wake, na wengi waliomwacha mke kijijini walibaki hivyo kwa miaka.

Kilichofuata hakikuhitaji Wakroatia wabadilike tabia. Mwaka 1937 kampuni kubwa kuliko zote za chuma ilikubali kukaa meza moja na chama cha wafanyakazi, na mshahara wa tanuri ukaanza kumtosha mtu kununua nyumba. Mwaka 1944 serikali ikaahidi kuwasomesha askari waliotoka vitani. Rudy Perpich alizaliwa mwaka 1928 kwenye kambi ya migodi karibu na Hibbing, Minnesota, baba akiwa mchimbaji kutoka Kroatia, na aliingia darasa la kwanza akijua Kikroatia tu. Akawa daktari wa meno, na mwishoni mwa 1976 akawa gavana wa jimbo linalojulikana kama ngome ya Waskandinavia. Ndugu zake wawili walikuwa maseneta wa jimbo hilo hilo. Nidhamu ilikuwepo tangu kwa baba aliyeshuka shimoni kila asubuhi. Kilichokuwa kimekosekana ni mlango.

New Zealand inatupa jaribio jingine, na kwangu ndilo lenye nguvu zaidi kwa sababu serikali yenyewe ndiyo iliyochagua nani abebwe. Mwaka 1872 iliwaleta Waskandinavia, Wadenmark wakiwa wengi, kufyeka msitu wa kisiwa cha kaskazini. Walipewa viwanja vya ekari 40 kwa malipo ya pole pole, na mji wao wa Dannevirke upo hadi leo. Wadalmatia walijileta wenyewe baadaye, wakaingia kwenye mabwawa ya kaskazini kuchimba gundi ya miti ya kauri iliyoganda ardhini. Ni ndugu wa sandarusi iliyochimbwa pwani yetu na kupitia Zanzibar, na zote mbili zilikwenda kutengeneza vanishi. Walipoanza kufanikiwa, sheria ya 1898 ilitenga maeneo ya gundi kwa raia wa Kiingereza. Vita vilipoanza mwaka 1914 walihesabiwa maadui, kwa kuwa walikuja na hati za Austria, ingawa wengi wao waliichukia Austria kuliko Waingereza walivyoichukia.

Wadalmatia hao walinunua ardhi duni magharibi ya Auckland na kupanda zabibu, kazi waliyoijua tangu kwao. Josip Babich, aliyeanza kama mchimba gundi, alitengeneza mvinyo wake wa kwanza mwaka 1916. Babich, Nobilo, Delegat na Brajkovich ni majina ya Kidalmatia, na ni miongoni mwa yaliyoijenga biashara ya mvinyo ya New Zealand. Chile nako, watu wa kisiwa cha Brač na visiwa vingine vya Dalmatia walikwenda Antofagasta na Punta Arenas ambako hakuna aliyewafungia, na humo wakatokea akina Luksic, moja ya familia tajiri kabisa za Amerika ya Kusini, na Gabriel Boric, aliyeapishwa kuwa rais mwaka 2022.

Wa upande wa pili wana majibu, na mengine ni ya haki. Wakroatia wengi waliishi mijini na bado wanaishi huko, Wadenmark wengi wako Iowa na Utah, na mshahara wa mjini ni mkubwa pamoja na gharama zake. Hilo linapunguza uzito wa ulinganisho wangu, nakubali. Zaidi ya hapo kuna waliorudi: makadirio yanasema zaidi ya theluthi moja ya Wakroatia walirudi kwao kabla ya miaka ya 1920, wakati Wadenmark waliorudi walikuwa wachache. Kama walioshindwa ndio waliorudi, basi waliobaki walikuwa wamechujwa, na wajukuu tunaowaona leo ni wa waliochujwa. Hoja hii naiheshimu. Ila ikikubaliwa, inawagusa Wadenmark pia, maana nao hawakuchaguliwa kwa kura kutoka kila kijiji cha Jutland huko Denmark. Waliovuka bahari si mfano wa waliobaki, na ile asilimia 55 inalinganisha hao hao wawili.

Jibu lao lenye nguvu kuliko yote ni la kuaminiana. Mtaalamu wa siasa Eric Uslaner ameonyesha kwamba Wamarekani wenye asili ya nchi za Kaskazini mwa Ulaya huwaamini watu wasiowajua kuliko Wamarekani wa asili nyingine, hata baada ya vizazi kadhaa. Hiki ni kitu halisi kilichorithiwa, na sidhani kwamba migodi na mashamba vinaweza kukieleza chote. Kinafaa kwa mambo mengi mema: kulipa kodi, kuendesha ushirika, kuacha mlango bila kufuli.

Lakini Agosti 1913, karibu na Painesdale huko Michigan, walinzi waliolipwa kulinda migodi walifyatua risasi ndani ya nyumba ya kupanga ya Wakroatia waliokuwa kwenye mgomo, na wawili wakafa. Watu hao walikuwa wanachanga fedha kila mwezi kwa ajili ya mazishi ya wenzao, wengine hawakuwahi kuwaona, kwa hiyo kuaminiana walikujua. Kile ambacho hawakuwa na sababu ya kukiamini ni mgeni aliyekuja na bunduki na beji.

Nataja haya kwa sababu kipimo kile kile kinaandaliwa kwa watu wetu. Des Moines, mji wa Iowa wenye chuo kilichoanzishwa na Walutheri wa Kidenmark mwaka 1896, una familia za Kikongo na Kirundi zinazozungumza Kiswahili nyumbani, na wazazi wengi hufanya kazi kwenye viwanda vya nyama. Atakayezipima leo kwa kipato cha kaya ataziona mkiani, na atakuwa na maelezo ya utamaduni tayari mkononi. Namwomba aweke kwanza jedwali la Wakroatia wa 1910 kando ya hilo lake, pamoja na la wajukuu wao, kabla hajaandika sentensi ya kwanza.