Pata, bata au mbata?

Tangu Maulidi, mpwa wangu mwenye shahada ya historia ananiuliza: asome uzamili wa masomo ya maeneo na utamaduni, ambamo historia, lugha, dini na akiolojia huchanganywa, au ashike fani moja mpaka mwisho?

Mamake ana hoja nzito. Akirudi Amu (Lamu) ataitwa nani? Mwalimu wa sekondari huulizwa na TSC, tume ya kuajiri walimu Kenya, masomo yake mawili ya kufundishia, na masomo ya maeneo si mojawapo. Isitoshe, nasaba ya masomo haya inatia shaka. Marekani iliyatilia fedha kwa sheria ya mwaka 1958, wakati wa vita baridi, ikitaka watu wake wajue lugha za nje. Nami naona uchungu kisiwa chetu kikisomwa kwa haja za wengine.

Lakini tazama miswada yetu. Mababu walipoandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, herufi be mara nyingi ilibeba b, p na mb pia. Andika be, alifu, te, alifu: ni pata, bata au mbata, yaani nazi kavu? Sarufi haitakuamulia. Lazima ujue mwandishi alikuwa na shamba la minazi au la, na chomboni mlipakiwa nini.

Au Utendi wa Mwana Kupona, aliomtungia binti yake mwaka 1858. Ukiusoma kwa jicho la ndoa na dini tu, humwoni mjane wa Bwana Mataka, shehe wa Siyu, kisiwani Pate, aliyepambana na Sayyid Said, sultani wa Zanzibar. Ukiusoma kwa vita tu, humsikii mama mgonjwa anayeusia mwanawe. Hapo fani moja haitoshi, na sitaki kulipunguza neno hilo.

Kwa hiyo namwambia aende, ila asiende mikono mitupu. Anayegusa fani nne bila kumiliki hata moja hurudi na maneno mapana tu. Ashike hati hizo za Kiarabu kwanza, azisome bila kukwama, ndipo mengine yapate pa kushikia. Miswada mingi ya pwani hii iko SOAS, chuo kikuu kilichoko London. Asiyeweza kuisoma atategemea maelezo ya waliomtangulia.

Jana nimempa barua ya babu yake kuhusu mzigo wa jahazi. Mstari wa pili una neno hilo la be. Akasoma “bata”, akanyamaza, akarudi mwanzo wa barua.