Pembetatu ya Kunduchi

Ndiyo, yule wa kwenye video ni mimi, anayekimbia majini na kompyuta kichwani kama muuza maandazi. Jamaa yangu wa chumbani ameirusha kila grupu, hadi la ukoo. Mama kapiga simu kuuliza kama naumwa.

Sasa sikieni upande wangu.

Vimashua vitatu vya madumu ya mafuta ya kula. Kiongozi anatangaza alipo kwa redio, wafuasi wawili wanakaa mita 3 nyuma yake, kushoto na kulia. Kwenye bwawa la kuogelea vilitulia kama wana wa madrasa mbele ya bakora. Basi nami, kwa akili zangu, nikamwalika Dokta, msimamizi wa mradi wangu, aje ufukweni Kunduchi, mwezi wa saba, saa tisa alasiri. Watu wa pwani mmeshaanza kucheka. Subirini.

Upepo wa kusi huo! Mota zikafika mwisho wa nguvu, vyombo haviendi.

"Mbona vimesimama?"

"Vinajipanga, Dokta."

Uongo. Programu yangu hujumlisha kosa, yaani umbali uliobaki hadi chombo kinapotakiwa kuwa, kila sekunde ili isukume zaidi, na mota haina zaidi. Programu haijui hilo. Inajumlisha tu, kama mangi anayeendelea kuandika deni la mteja aliyehama mtaa. Dakika 4 za deni.

Likaja jahazi kutia nanga upande wa upepo. Kusi likakatika ghafla.

Deni likalipwa lote kwa mpigo. Kiongozi akainua pua. Akalipita boya alipotakiwa asimame. Nikatafuta kitufe cha kusimamisha, nikakumbuka kwamba kitufe nilipanga kukiweka kesho. Akampita Dokta. Nikamwona kiongozi anakata kona, polepole kabisa, akaingia kwenye wavu wa mzee mmoja aliyekuwa anashusha dagaa.

Mzee akamnyanyua. Akamgeuza, akamtazama tumbo. Akamtia kwapani, akaanza kutembea, maji magotini, kuelekea mnadani. Na wafuasi wangu, mita 3 nyuma, kushoto na kulia, wakamfuata. Pembetatu safi! Ya kwanza siku nzima. Wakamsindikiza hadi walipokwama mchangani, rafadha zikiwarushia mchanga wanunuzi.

"Kumbe vinajua," Dokta akasema.

Nikatoa shikamoo kama nane na elfu ishirini ya wavu. Dawa yenyewe ni mstari mmoja: mota ikifika mwisho, acha kujumlisha. Mmoja! Jaribio lijalo ni bwawani.

Na wewe uliyenitengenezea stika na dagaa, nimeshakuzuia.