Baiskeli tano, korido moja

Juzijuzi alfajiri natoka na tochi ya simu nakuta mkwaruzo mpya kwenye bomba la juu la baiskeli yangu, mrefu kama kidole, umechimba mpaka chuma kinaonekana. Hata miezi minne sijaimaliza nayo. Nikauliza kwa upole tu jamani nani katoa baiskeli usiku, jirani mmoja akanijibu "kaka, si rangi tu hiyo, mbona inatembea", wengine wakacheka afu kila mtu akashika njia yake. Hilo neno "rangi tu" ndo limenikaa rohoni.

Labda kwa mtu wa mbali na bahari ni rangi tu. Sisi tuko Shangani, Mtwara, bahari hiyo hapo, kusi ikianza kuvuma kuanzia mwezi wa nne ivi mpaka nondo za madirisha zinabadilika rangi, ukipitisha kidole kwenye kioo unakuta chumvi. Na chumvi haisubiri mvua, inavuta unyevu kutoka hewani yenyewe, inakaa pale chuma kilipo wazi inakila taratibu. Kibaya zaidi kutu haiishii kwenye mkwaruzo, inapenya chini ya rangi na kuinyanyua, we unaona kivimbe kidogo tu, ukikigusa kwa ukucha kinabanduka kipande kizima na chini yake kumeshakuwa kahawia. Wenye fremu za alumini nao wasijione wamepona, yao haitoi kutu nyekundu lakini palipochubuka panatoa unga mweupe na rangi inaendelea kubanduka vile vile. Kwa iyo rangi ndo nguo ya chuma, mtu akiichana hajaharibu urembo, kakifungulia mlango.

Nyumba yetu ni ya kupanga, baiskeli tano zinalala koridoni kwa sababu ukiacha nje asubuhi huikuti. Nimekaa siku kadhaa naangalia zinavyoumizana na kitu nilichogundua ni kwamba zikiwa zimesimama hazifanyani lolote, shida yote iko kwenye kuzitoa. Pedeli ya huyu inaingia kwenye spoku za yule, mkono wa breki unalala juu ya bomba la mwenzake, mtu anavuta kwa nguvu, krrrr, basi. Na keria ya jirani yetu anayeuza samaki imeongezewa vyuma vya kubebea tenga, ncha zake hazijazibwa na chochote. Yeye anatoka saa kumi usiku, lakini kwa kuwa anarudi mapema kuliko wote baiskeli yake ndo inaingia mwanzo, inakaa ndani kabisa, sisi tunaorudi jioni tunamzibia. Sasa mtu yuko gizani anawahi samaki, kazibiwa na baiskeli nne, utamlaumu vipi? Mi simlaumu kabisa.

Wengi wakisikia habari za mikwaruzo wanakimbilia kuivisha baiskeli. Kuna wale wanaoacha yale manailoni ya dukani kwenye fremu mwaka mzima eti ibaki mpya, na hapa naomba niseme kwa nguvu zote, yatoeni! Maji ya mvua na jasho vinaingia kwa juu havina pa kutokea, pamoja na ile chumvi, siku ukija kuivua unakuta kutu imeota pale pale ulipodhani umepalinda. Gunia la korosho nalo nimelijaribu, nililitandika juu ya fremu kama shuka, kumbe limejaa mchanga, kila likisogea linafanya kazi ya msasa, wiki moja tu rangi ikafifia. Kitambaa ni sawa kama kimekung'utwa vizuri na kikavu, kanga iliyochakaa inafaa kuliko gunia mara mia. Mpira wa tyubu mbovu ndo bora kuliko vyote, ila sio kuuzungusha fremu nzima, zungusha kwenye vile vinavyoumiza wenzio, yaani mkono wa breki, ncha za usukani, vyuma vya keria. Kwenye rangi nyeupe usiuache muda mrefu, unaacha alama nyeusi.

Lakini vyote hivyo ni vya pembeni. Dawa yenyewe ni mpangilio, na mpangilio hauwezi kufanywa na mtu mmoja. Anayetoka mwanzo alale karibu na mlango hata kama karudi mwanzo, maana yake sisi wa jioni tumsogezee. Baiskeli zipishane, moja iangalie mlango nyingine iangalie uani, ili usukani usikutane na usukani. Pedeli ya upande wa jirani izungushwe mpaka ikae mahali isipogusa spoku za mwenzake. Hakuna hata moja hapo inayohitaji hela.

Mkwaruzo wangu nimeshautibu. Msasa laini mpaka chuma king'ae, nikafuta na spiriti, nikaacha ikauke kabisa, afu praima kidogo, ile rangi ya msingi, juu yake rangi ya kucha niliyomwomba dada wa chumba cha pili, nyekundu iliyokaribiana na yangu, nikapaka mara tatu nyembamba kila moja ikikauka kwanza. Ukiangalia karibu unapaona, ila chumvi haipiti. Na kila Ijumaa naipitishia kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, naikausha.

Jana usiku nimeongea na yule jirani wa samaki. Kaniambia muda mrefu alikuwa anaona aibu kuomba nafasi ya mlangoni kwa sababu yeye ndo mgeni kwenye nyumba. Leo nimesogeza yangu ndani nikamwachia, na vyuma vya keria yake tumevifunga tyubu pamoja. Wale watatu waliobaki nawasubiri warudi jioni.