Rivatex Imefunguliwa, Lakini Pamba Iko Wapi?

Rais Uhuru Kenyatta alipofika Eldoret mwaka 2019 kukizindua upya kiwanda cha nguo cha Rivatex, mitambo ilikuwa mipya, imenunuliwa kwa mkopo kutoka India, na hotuba zilikuwa tamu. Sina ugomvi na sherehe ile. Chuo Kikuu cha Moi kilikichukua kiwanda hicho mwaka 2007, wakati wenzake kama Kicomi ya Kisumu wamesahaulika. Ila wanaosema kidonda cha viwanda vya nguo vilivyofungwa kimepona, hao sikubaliani nao.

Kiwanda cha nguo kikifungwa, watu huona kufuli langoni. Kinachokufa mapema zaidi ni kukopeshana. Mwenye duka akijua mshahara unaingia mwisho wa mwezi, atakupa unga leo na kuandika daftarini. Mwenye nyumba atakusubiri. Kibarua kikiota nyasi, daftari hilo hufungwa, na wanaoumia ni pamoja na mama muuza mboga ambaye hakuwahi kukanyaga ndani ya kiwanda.

Halafu kuna ufundi. Kuunga uzi uliokatika bila kuchelewesha kazi, kutambua kwa sikio tu kwamba mtambo wa kufuma una hitilafu, kuifanya rangi ya leo ifanane na ya wiki jana: kijana huyapata haya kwa kusimama kando ya mzee. Wazee wakistaafu kiwanda kikiwa kimya, wanaondoka nayo. Na mitambo mipya yenyewe haihitaji mikono mingi.

Lawama zote hutupiwa mitumba. Ni kweli, soko lilipofunguliwa miaka ya 1990 mitumba ilifurika, na nguo zetu zikakosa wanunuzi. Lakini mbona hatumtaji mkulima? Wa Bonde la Kerio, wa Busia, wa Homa Bay: alipeleka pamba, akazungushwa kuhusu malipo, akachoka, akapanda mahindi. Sioni kwa nini arudi shambani kwa sababu ya utepe uliokatwa Eldoret.

Kule Athi River tumekuwa tukishona nguo za kuuza Marekani chini ya AGOA, mpango wa Marekani wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, na vitambaa vingi vinatoka Asia. Cherehani zinaajiri watu, sawa, ila pesa hiyo haifiki kwenye shamba la pamba.

Ningekuwa na sauti kwenye bajeti, shilingi ya kwanza isingenunua mtambo. Ingemlipa mkulima siku ileile pamba yake inapopimwa.