Siki, jiki na mikono ya dada

Siku hizi ukienda kumpongeza mzazi mpya Dar es Salaam hukosi kumkuta mtu anampa somo: achana na jiki, tumia siki, achana na pampasi, rudi kwenye nepi. Mtoto anatambaa sakafuni na kutia mkono mdomoni, kwa nini umdekie makemikali? Hoja ina uzito. Lakini yupo mama aliyepanga chumba kimoja Tandale, anachangia choo na kaya nne, naye akisikia hayo anauliza: kipindupindu kikirudi nimwage siki?

Wala haulizi kwa kejeli. Agosti 2015 kipindupindu kilianzia hapa hapa Dar kabla ya kusambaa mikoani. Choo anachotumia mtu anayeharisha kinataka klorini, ile iliyomo kwenye jiki, siki haitoshi.

Hapo niko upande wa mama wa Tandale. Ila jiki nayo tunaipa kazi isiyo yake. Sakafu ya sebule ya nyumba isiyo na mgonjwa inataka sabuni na maji, basi. Na hata pale inapohitajika, ukiimwaga juu ya uchafu nguvu yake inaishia kwenye uchafu huo. Unasugua kwanza kwa sabuni, unasuuza, ndipo unaitia. Dumu lililoanikwa juani nje ya duka nalo huwa limeshapungua makali. Matokeo yake tunanunua jiki nyingi, tunavuta harufu kali, na faida ni ndogo.

Siki ina mahali pake, na kwa kweli Dar ni mji wake. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi: birika linajenga ukoko mweupe, bomba la bafuni linaganda, sabuni haitoi povu na unazidi kuiongeza. Siki au ndimu inauyeyusha ukoko ule vizuri tu. Kinachonichekesha ni ule mchanganyiko wa siki na soda ya kuokea keki. Unafoka, watoto wanashangilia, lakini vitu hivyo viwili vinamalizana nguvu na kubaki maji yenye chumvichumvi. Kisichochekesha ni kuchanganya siki, ndimu au dawa ya choo na jiki. Hapo inatoka gesi ya klorini, na vyoo vyetu vingi vina kidirisha cha ukubwa wa daftari.

Halafu kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka: chupa. Sabuni ya maji inayotengenezwa mitaani tunauziwa kwenye chupa za maji ya kunywa, jiki ya kupimiwa kwenye chupa za soda. Sabuni yenyewe ina rangi ya kijani na inanukia ndimu. Mtoto wa miaka miwili hajui kama ni ya asili au ya kiwandani, anaona juisi. Ningeambiwa nichague badiliko moja tu kwa nyumba yenye watoto, ningeanza na rafu ya juu na chombo kisichofanana na cha kinywaji, kabla hata ya kufikiria siki.

Bibi zetu walisugua masufuria kwa majivu na kumbi la nazi, wakaogea dodoki, na hakuna aliyewapa sifa ya kutunza mazingira. Sasa majivu yenyewe yanaadimika: mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034. Ukipikia gesi, majivu utayatoa wapi? Dodoki angalau bado linaota kwenye ua.

Tuje kwenye nepi, maana hapa ndipo ugomvi wenyewe ulipo. Marufuku ya Juni 1, 2019 iliondoa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Pampasi, ambayo nayo ina plastiki, iliachwa. Mtoto akitumia 5 kwa siku, kwa miaka miwili ni 3,650, na kwenye mitaa ambayo gari la taka halifiki zinaishia kwenye mitaro inayoelekea Mto Msimbazi. Utafiti wa wakala wa mazingira wa Uingereza wa 2008 ulionyesha kwamba nepi ya kitambaa huishinda pampasi ikianikwa kwenye kamba na kurithiwa na mtoto anayefuata, lakini hupoteza ushindi huo ikikaushwa kwa mashine. Jua sisi tunalo, na kurithishana hatujaanza leo.

Maji je? Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua na mgao ukaanza, mwenye nepi za kitambaa alinunua maji ya boza kufulia kinyesi. Na nani anafua? Mara nyingi anayeshangilia nepi siye anayeinamia beseni. Ni dada wa kazi, anayefua asubuhi na kusuuza mara tatu, kwa mshahara ule ule wa mwezi uliopita. Pampasi zilizookolewa zinahesabiwa kuwa akiba ya nyumba. Mgongo wake hauhesabiwi popote.

Nyumba ninazoziona zimeliweza hili zinachanganya: nepi mchana, pampasi usiku na safarini, na wiki ya mgao hakuna anayelaumiwa. Nyumba moja Tabata wamekubaliana kwamba Jumapili beseni ni la baba. Nasikia tangu hapo ameacha kuwahubiria wageni kuhusu nepi, ila kufua anafua.