Mama Mkwe na Milima Ishirini

Deki yangu, yaani fungu langu la kadi, ni nyekundu tupu, na hesabu yake ni ya darasa la tatu. Katika mchezo wa kadi uitwao Magic: The Gathering kila mchezaji anaanza na uhai 20. Kadi iitwayo Lightning Bolt unailipia mana moja nyekundu (mana ndiyo nguvu ya kulipia kadi), nayo inamchoma mwenzako uhai 3. Saba mara tatu ni ishirini na moja. Ukizipata kadi saba za namna hiyo, na mana ya kuzilipia, mchezo umekwisha, nenda kale. Wenye deki za buluu, ambao hufikiri dakika tano kabla ya kugusa kadi, hunidharau sana kwa hilo. Nami huwachoma.

Sasa, mana hutoka kwenye kadi za ardhi, na mana nyekundu hutoka kwenye Mlima. Deki yangu ina kadi 60. Arobaini ni za moto: Lightning Bolt nne, Lava Spike nne, Goblin Guide nne na wenzao, maana sheria hairuhusu kadi moja izidi nne. Ishirini zilizobaki ni Mlima, Mlima, Mlima, mpaka mwisho, kwa kuwa ardhi za msingi zimesamehewa hiyo sheria ya nne. Hazipendezi. Mlima haupigi wala hauruki, hauna hata sentensi moja ya maelezo. Kila anayeanza mchezo huu huiona Milima ni mzigo, akapunguza kumi na kutia majoka, kisha akakaa mezani ameyakumbatia majoka yake hana cha kuyalipia. Nimewaona watu wenye shahada ya uhasibu wakifanya hivyo.

Nayasema haya mapema ili tukifika kwa mama mkwe msije mkamwonea.

Mama mkwe alitoka Tanga akaja Birmingham kumuuguza mke wangu, aliyekuwa amejifungua mtoto wa pili. Tangu aliposhuka kwenye ndege nyumba ilikuwa na utaratibu. Soksi zilikuwa na mwenziwe. Sufuria ziling'aa. Vitu vyangu vilihama makazi bila taarifa, na kwa kuwa aliyevihamisha ni mkwe, nilivitafuta kimyakimya kama mwizi.

Ijumaa jioni duka la kadi la mtaani kwetu huwa na mashindano madogo, wanaruhusu karibu kadi zote tangu mchezo uanze mwaka 1993. Nilikikuta kisanduku cha deki yangu mezani kisafi ajabu, kinanukia sabuni ya vyombo. Nikakitia mfukoni.

"Mama, natoka kidogo, naenda kucheza."

"Haya baba, ukashinde."

Mpinzani wa kwanza alikuwa kijana mwembamba mwenye kofia ya sufi, deki yake buluu, kadi zake kwenye vifuko vipya visivyo na mkwaruzo. Tulichanganya, tukakatiana, tukarusha dadu, akashinda, akachagua kuanza. Nikachukua kadi zangu saba.

Lightning Bolt. Vizuri. Lava Spike. Vizuri sana. Goblin Guide. Halafu malaika.

Serra Angel, mana tano, nyeupe. Nyuma yake kunguru, yaani Storm Crow, buluu, ndege wa nguvu 1 ambaye wachezaji wamemtania miaka nenda rudi. Nyuma ya kunguru Healing Salve, dawa ya kukuongezea uhai 3. Mwisho Ornithopter, kimashine chenye mabawa. Zote nazijua. Zote zilikuwa kwenye boksi la takataka zangu chini ya ngazi, na nilipoziacha hazikuwa na miguu.

Nikaomba ruhusa, nikaenda kaunta na deki nzima, nikamnong'oneza mwenye duka, ambaye ndiye mwamuzi pia. Akaipitia kadi kwa kadi, midomo ikihesabu.

"Sitini," akasema. "Hakuna iliyozidi nne. Deki ni halali."

"Haina ardhi!"

"Nimeona. Lakini hiyo ndiyo uliyoileta mezani, na deki mbaya haina adhabu kwenye sheria. Rudi ukacheze."

Nikarudi, nikakaa, nikatabasamu kwa adabu. Kubadilisha kadi za mkononi hakukuwa na faida, hata ningevuta saba mpya usiku kucha, Mlima hauzaliwi. Nikasema, "Nabaki na hizi."

Hapo inabidi niwaeleze kilichokuwa kikipita kichwani mwa yule kijana, kwa sababu alikuja kuniambia baadaye, na kwa sababu hakuwa mjinga. Wachezaji wa siku nyingi wameshaumwa na nyoka. Necropotence ilipotoka mwaka 1995 wengi waliicheka: kadi inayokuzuia kuvuta, inayokula uhai wako mwenyewe! Mwaka uliofuata ikatawala mashindano, na waliocheka wakawa wanainunua. Lion's Eye Diamond ya mwaka 1996, inayokutaka utupe kadi zako zote za mkononi, ilionekana uchafu, leo bei yake inalipa tiketi ya ndege. Kwa hiyo mtu makini akiona kadi ya ovyo mezani hacheki. Anaogopa.

Na kuna deki ya kweli isiyo na ardhi hata moja. Inaitwa Manaless Dredge. Mwenye nayo hapendi kuanza, anataka wewe uanze, ili yeye avute kadi ya nane asiwe na cha kufanya, sheria imlazimishe kutupa moja makaburini, yaani kwenye rundo la kadi zake zilizotupwa au kufa. Hapo ndipo balaa huanza, maana wafu wake hufanya kazi kuliko wazima.

Kijana akaweka kisiwa, yaani ardhi ya buluu, akanipisha. Mimi nikavuta, nikapata malaika wa pili, picha nyingine. Ardhi hamna. Nikakumbuka kwamba Ornithopter haina bei, ni mana sifuri. Nikaiweka mezani taratibu, kwa kuwa ndiyo kadi pekee niliyoweza kuiweka.

Akaitazama. Akanitazama mimi. Akatazama pale ambapo ardhi yangu ingepaswa kuwa. Kisha akaitoa Force of Will, akaiondoa mchezoni kadi nyingine ya buluu, akalipa uhai mmoja, akaizuia.

Kwa msiofahamu: Force of Will ni kadi ambayo watu huiweka kwa ajili ya siku ya kiyama. Yeye aliitumia, na nyingine juu yake, kuangusha kimashine chenye nguvu 0. Uhai wake ukawa 19. Ule mmoja ndio uharibifu pekee alioupata kutoka kwangu jioni ile, na alijifanyia mwenyewe.

Zamu iliyofuata nikafika kadi nane. Nikatupa Healing Salve. Hiyo Salve ina historia ya kusikitisha. Mwaka 1993 waliiumba na dada zake wanne, kila rangi moja, kila moja mana moja kwa kitu mara tatu. Wa nyekundu ndiye Lightning Bolt wangu. Wa buluu, Ancestral Recall, anakuvutia kadi tatu, na anauzwa maelfu ya dola. Wa nyeupe ni huyu wa kutupwa. Ila kijana hakuiona hivyo. Alichukua kalamu akaandika kwenye karatasi yake: Healing Salve. Akapigia mstari.

Kila zamu nikawa navuta na kutupa, navuta na kutupa. Kila nilichotupa alikiomba akisome. Kunguru alimsoma mbele na nyuma. Kiumbe wake mmoja alikuwa mezani tayari kunipiga, lakini alimshikilia muda mrefu, akilimbikiza visiwa, akiamini nikishajaza makaburi nitafufua jeshi. Mtu wa meza ya jirani aliyekwisha kumaliza mechi yake akasogeza kiti kuja kuangalia. Halafu mwingine. Nilipokufa, watu walinyamaza wakisubiri kama nitainuka.

Kabla ya mchezo wa pili kijana akaanza kupekua kadi zake za akiba akitafuta dawa ya makaburi. Nikatoka nje kupiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ushashinda?"

"Bado, mama. Zile karata zangu za kwenye kisanduku, kuna mtu kazigusa?"

"Ah! Mwanao kazimwagia uji. Nimezitoa moja moja kwenye mifuko yake, nimefuta, nimezianika dirishani. Wewe mwenyewe huwezi kujua."

"Ahsante sana, mama. Na zile zenye picha ya mlima?"

Akashusha sauti, kama mtu anayetoa habari za msiba. "Hizo nilitaka nikwambie, nikaona nisikuvunje moyo. Umeibiwa, baba. Wamekutilia ishirini sawasawa! Nimezihesabu mimi. Nikaenda kwenye lile boksi chini ya ngazi nikakuchagulia nyingine ishirini, nzuri nzuri, hakuna inayofanana na mwenziwe. Kuna malaika humo. Umewaona malaika?"

"Nimewaona, mama. Lakini mbona zile nyingine zinazofanana hukuzitoa?"

"Zile ziko nne nne. Karata ndivyo zilivyo, nne nne: kopa, uru, pau, shupaza. Ishirini ndio nini?"

Mtu aliyekulia Ngamiani, Tanga, akicheza arubastini utamwambia nini kuhusu karata? Na mkwe utamjibu nini hata ungekuwa na la kumjibu? Nikasema ahsante mama, nikarudi ndani.

Sheria ni kwamba aliyeshindwa anachagua nani aanze. Sikuwa na sababu yoyote duniani ya kuanza, kwa hiyo nikamwambia, "Anza wewe."

Kijana akafumba macho. Mmoja wa wale watazamaji akasema "nilijua" kwa sauti ya chini. Maana hiyo ndiyo alama ya Manaless Dredge, hakuna mtu mwingine mwenye akili anayekataa kuanza.

Safari hii alikuwa na Tormod's Crypt, kadi ya mwaka 1994 isiyo na bei, ukiitoa kafara inafagia makaburi yote ya mwenzako. Aliiweka mezani tangu zamu ya kwanza akaizungushia vidole. Mimi nikaendelea na shughuli yangu ya kutupa. Nikatupa kunguru. Kimya. Nikatupa Lava Spike. Kimya. Nikamtupa Serra Angel, na kumbe hapo ndipo alipokuwa akinisubiri, maana malaika mkubwa makaburini ndiye mtu wa kufufuliwa. "Sasa!" akasema, akailipua Crypt. Makaburi yakawa matupu. Akaegemea kiti, jasho puani, na meza ya jirani wakampigia makofi ya pole pole.

Dakika 50 za raundi zikaisha tukiwa katika hali hiyo. Alinishinda mchezo mmoja kwa sifuri, akanipa mkono, akaniambia hajawahi kucheza mechi ngumu namna ile, na kwamba angependa kuiona orodha ya deki. Nikamwambia bado inafanyiwa kazi. Raundi zilizobaki mwenye duka aliniazima Milima kutoka kwenye boksi la bure, nikashinda moja, habari yake haina utamu.

Nyumbani nikakuta Milima yangu jikoni. Mama mkwe hatupi kitu. Kila kopo la viungo lilikuwa na Mlima umebanwa kwa mpira, na juu ya picha ya mlima, kwa kalamu ya wino wa buluu na herufi za mtu aliyesoma kwa masista, imeandikwa kilichomo: ILIKI. KARAFUU. MDALASINI. BIZARI YA PILAU. Unga wa ngano na unga wa sembe ulikuwa na Mlima wake kila mmoja. Mmoja ulikunjwa mara mbili ukawekwa chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikipepesuka tangu tuinunue, na kwa kweli ilikuwa imetulia.

Nikajitahidi kumweleza kazi ya ardhi. Alinisikiliza vizuri, mtoto begani, akimpigapiga mgongoni acheue.

"Kwa hiyo karata sitini, ishirini hazifanyi chochote ila kulipia nyingine?"

"Ndiyo, mama."

"Pilau ya mchele mtupu hiyo, baba. Nyama iko wapi?"

Lakini ana moyo. Asubuhi nikaikuta Milima imefungwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya kisanduku changu, kila mmoja umepanguswa, maandishi hayajatoka. Viungo vilikuwa vimepewa vibandiko vya karatasi. Ningeweza kwenda kuchukua ardhi nyingine dukani bure, lakini mkwe akikurudishia kitu kwa mikono miwili hukiachi mezani. Nikairudisha yote kwenye vifuko, isipokuwa ule wa mguu wa meza, huo nikaomba badala yake dukani.

Nilipokutana tena na yule kijana alikuwa amejiandaa. Alikuwa ameondoa kadi nzuri kwenye deki yake akajaza za kufagia makaburi, nilikuja kuziona baadaye zikiwa zimemkwama mkononi hana wa kumfagia. Dadu ikanipa mimi. Safari hii nikasema naanza mimi, naye akakunja uso kama mtu aliyebadilishiwa mtihani.

Nikaweka ardhi mezani, nikailaza ubavu kupata mana, nikamtoa Goblin Guide, nikampiga kijana 2. Hakushughulika na Goblin Guide hata kidogo. Aliinamia ile ardhi. Akaomba kuishika. Akaisoma ule upande, akaigeuza, akainusa, akainusa tena, kisha akainua mkono kumwita mwenye duka, akataka kujua Mdalasini inafanya nini, na kama bado anaweza kuizuia kwa Force of Will.